Shibiri Moja Kando ya Kibla

Jumanne, tarehe 11 Februari 1958, kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ilianza mojawapo ya dhoruba kubwa za sumaku ya dunia zilizorekodiwa katika karne hiyo. Vituo vya kupimia sumaku katika nchi nyingi viliiandika, na tarehe yake haina ubishi. Katika kijiji kimoja cha Mandawa, upande wa Ruangwa, hapakuwa na kituo wala chombo cha kuiandika. Palikuwa na dira moja tu ndani ya kisanduku cha mbao, na mwenye dira hiyo alikuwa amelala.

Jina lake lilikuwa Kaimu bin Saburi. Umri wake haukuandikwa popote, ila yeye mwenyewe alijihesabia miaka thelathini na sita. Alikuwa mkulima wa mtama, ufuta na mikorosho michache, kama majirani zake, lakini watu wa Mandawa hawakumwita mkulima. Walimwita mtu wa kisanduku.

Kisanduku alikipata Nachingwea. Mwaka 1948, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipoanza kufyeka misitu huko, Kaimu alikwenda kutafuta kibarua akawekwa katika kikosi cha upimaji. Mwanzoni alivuta mnyororo wa kupimia. Baadaye bwana mpimaji, mzungu mfupi mwenye subira, aliona kwamba Kaimu hasemi kitu asichokuwa na hakika nacho, akampa kazi ya kubeba dira na kuisoma. Alimfundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba sindano ya dira haitazami kaskazini hasa, bali hupinda digrii chache, na digrii hizo ziliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko ili msomaji azitoe. La pili, kwamba sindano haina macho. Chuma chochote kikisogea karibu, huifuata kama ndama amfuatavyo ng'ombe yeyote apitaye. Kwa hiyo kila mara kabla ya kusoma, Kaimu alisimama na kupaza sauti: “Chuma mbali!” Kikosi kizima kikapeleka mapanga na mashoka hatua thelathini nyuma.

Vibarua Waislamu katika kikosi hicho walikuwa na neno lao. Upande wa kaskazini waliuita kibla, kwa sababu kutoka nchi ya Nachingwea na Ruangwa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. “Sogeza mnyororo kibla,” mmoja angesema, na mwingine akajua. Neno hilo lilimkaa Kaimu ulimini. Mpango ulipokufa mwaka 1951, bwana mpimaji akafungasha vyombo vyake na kumwachia Kaimu dira moja kuukuu yenye ufa kwenye kioo. Kaimu akarudi nayo Mandawa, na neno lake akarudi nalo.

Katika Ramadhani ya mwaka 1957 alipita mgeni kutoka Lindi akasali msikitini hapo. Baada ya sala alisema, kwa adabu lakini mbele ya watu, kwamba kibla chao kimelalia machweo. Msikiti huo wa udongo ulikuwa umejengwa na babu yake Amiri; Amiri mwenyewe sasa alikuwa fundi mwashi wa kijiji, tena shemeji yake Kaimu. Maneno ya mgeni yaliupasua mstari wa sala. Wengine waliendelea kusimama kama ukuta ulivyo. Wengine walisimama mshazari kidogo, bega likiwa nyuma ya bega, na kila sala ikawa ubishi usio na sauti. Kisha Januari 1958 mvua ikaulowesha ukuta wa mbele, na msikiti ukaanguka.

Mwalimu Seleman, aliyefundisha watoto Kurani na kusalisha, alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi na asiyependa mzaha. Aliwakusanya wanaume kwenye kiwanja kipya, mahali palipoinuka, pasipokusanya maji.

“Tumegombana kwa macho mwaka mzima,” alisema. “Sasa tuache macho. Kaimu ana chombo. Atatupimia mstari, tutauweka kwa mawe, na Ramadhani hii hakuna atakayesimama mshazari.”

“Na chombo kikikosea?” Amiri aliuliza.

“Kikikosea utasema wewe, fundi. Hujawahi kunyimwa ulimi.”

Kaimu hakucheka. Aliona jinsi watu sitini walivyogeuka kumtazama, naye akahisi kwamba kisanduku, ambacho kwa miaka saba kilikuwa kitu cha kuonyeshea wageni, kimekuwa kizito.

Jumatatu jioni, baada ya sala ya alasiri, alikwenda kiwanjani peke yake. Alivaa shati na suruali ya kazi. Aliweka kisanduku juu ya jiwe bapa, akahesabu mpaka thelathini sindano ikatulia, akatoa digrii za kifunikoni, akaongeza ule mwinamo mdogo wa kibla kuelekea mashariki ambao Mwalimu alikuwa ameupata katika vitabu vyake. Kisha akapima hatua arobaini kufuata mstari huo, akachomeka fimbo. Alirudia mara tatu. Mara zote tatu mstari uliangukia kwenye fimbo. Usiku huo alilala.

Asubuhi ya Jumanne, kama saa tatu, wanaume walikuwa wamekusanyika. Mvua ilikuwa imepumzika na udongo ulinukia. Kwa kuwa hii ilikuwa kazi ya kibla na si ya karanga, Kaimu alivaa kanzu, na juu yake kizibao cheusi alichovaa siku ya kuoa.

“Chuma mbali!” aliita.

Wakacheka, wakapeleka majembe, mapanga na mtaimbo mpaka ukingoni mwa kiwanja. Amiri akavua mkanda wake wenye kifungo cha chuma, akauinua juu watu wote wauone.

“Na jino, shemeji? Nina jino limezibwa na daktari kule Lindi.”

“Jino libaki. Ila ufunge mdomo.”

Kicheko kilipotulia, Kaimu aliinama. Alihesabu thelathini. Sindano ilikuwa bado inatambaa, polepole mno, kama mtu anayesogea kitandani bila kutaka mwenzake aamke. Alihesabu sitini. Ilisimama, au ilionekana kusimama. Alitoa digrii, akaongeza za Mwalimu, akatazama mbele. Mstari haukuangukia kwenye fimbo. Uliangukia kushoto kwake, upande wa machweo, kwa upana wa shibiri moja.

Alitazama tena. Shibiri moja.

“Mbona umekunja uso, mtu wa kisanduku?” Amiri aliuliza. “Makka imehama?”

Watu wakaangua kicheko, na Mwalimu Seleman akakohoa kwa kukerwa. Kaimu alikuwa na maneno mdomoni. Alipaswa kusema: ngojeni, jana ilikuwa pale, leo iko hapa, sijui ni ipi. Lakini watu waliambiwa chombo hakigombani na nafsi yake. Nyuma ya kicheko cha Amiri aliusikia mwaka mzima wa mabega mshazari ukirudi. Akajiambia kwamba alichokiona mbele ya mashahidi kina haki kuliko alichokiona peke yake.

“Pale,” alisema, akaonyesha kushoto kwa fimbo.

Amiri akapiga kigingi. Kaimu alitembea mpaka kwenye fimbo yake, akaing'oa kama mtu anayeokota takataka, akaitupa majanini. Tundu lilibaki. Kabla hajaondoka alisukumia ndani yake, kwa kidole gumba cha mguu, kijiwe cheupe.

Shibiri ni kitu kidogo. Shibiri katika hatua arobaini hata macho ya fundi hayaioni. Lakini Kaimu alikuwa amefundishwa kwamba kosa la mwanzo wa mstari huzaa watoto mwishoni. Bwana mpimaji aliwahi kumwonyesha kwenye ramani kwamba kutoka Lindi hadi Makka ni kama maili elfu mbili na mia moja. Jioni hiyo, kwa kipande cha mkaa, alipiga hesabu kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba: shibiri moja kwa hatua arobaini, je, kwa maili hizo zote? Jibu lilikuwa karibu maili kumi na sita. Mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye mzigo. Watu sitini wangesujudu mara tano kila siku, na wana wao baada yao, wakielekea mahali fulani penye mawe na mbuzi, mwendo wa siku nzima kando ya Nyumba Tukufu. Aliifuta hesabu kwa kiganja, lakini mkaa haukutoka wote.

Alhamisi, wenzake walipokuwa mashambani wakipalilia, alikwenda tena kiwanjani na kisanduku. Sindano ilitulia kabla hajafika thelathini. Mstari uliangukia juu ya kijiwe cheupe.

Kwa hiyo kigingi kilikuwa mahali pabaya, na mtu mmoja tu alijua.

Ijumaa, mawe ya msingi yalifika kifundoni. Watu walijenga Jumanne na Ijumaa tu, kwa sababu magugu hayangoji, lakini waliojenga walijenga kwa bidii, wakiwa na Ramadhani machoni. Kaimu alihesabu kila jiwe lililowekwa. Alikula nusu ya chakula chake. Aliamka kabla ya adhana. Akisali nyumbani, alijikuta akisita baada ya takbira, miguu ikitafuta shibiri.

Jumamosi, mkewe Mwantumu alikuwa akianika nguo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye uzito.

“Jumanne ulivaa kizibao?”

“Nilivaa.”

“Basi nimemsingizia paka bure. Ufunguo wa kasha langu nimeutafuta siku nne. Kumbe umo humu mfukoni; niliuweka mwenyewe siku ya harusi ya jirani yetu Biasha, nikasahau.”

Aliuinua. Ulikuwa ufunguo mkubwa wa chuma, wa kufuli la kizamani, wenye kichwa kama sikio. Kaimu aliutazama, akakaa juu ya kinu.

“Una nini?”

“Niliwaambia watu sitini wapeleke chuma mbali,” alisema. “Mwantumu, niliwavua mpaka mikanda.”

Akamweleza yote: fimbo, shibiri, kijiwe, maili kumi na sita. Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho, huku maji ya nguo yakimdondokea miguuni.

“Kaka yangu Amiri atakucheka mpaka kaburini,” alisema. “Hilo ni kweli. Lakini kucheka kwa Amiri hakujawahi kuua mtu. Mwambie Mwalimu.”

Kaimu hakumwambia Mwalimu. Alisema kwanza lazima awe na hakika. Pengine dira yenyewe imeharibika, pengine kuna dira nyingine Nachingwea ya kulinganishia. Jumatatu alianza safari. Baiskeli aliiacha nyumbani. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Angeulizwa, angelazimika kusema kwamba sasa anaogopa kukaa karibu na chuma. Alitembea na kisanduku mgongoni kimefungwa kwa kanga, akalala kwa ndugu huko Naipingo, na Jumanne mchana akaingia Nachingwea.

Mtu aliyemtafuta aliitwa Eustakio, Mmakua mrefu mwenye miwani, ambaye zamani alikuwa mwandishi wa kikosi chao na sasa alikuwa karani wa simu ya upepo kwenye kiwanja cha ndege. Wakati huo watu waliita mtambo wa redio simu ya upepo, kwa sababu maneno yake hayakupita kwenye waya.

“Kaimu! Karanga zimeota?”

“Zitaota ukioa mke wa pili, Mkristo wewe.”

Wakacheka, wakaketi. Eustakio alitoa dira ya ofisini, wakatoka mpaka uwanjani, wakaziweka moja baada ya nyingine juu ya kigogo, mbali na mitambo. Zilikubaliana. Dira ya Kaimu ilikuwa nzima. Kaimu alishusha pumzi, si ya faraja. Basi ni ufunguo.

“Lini hasa ilikukosesha?” Eustakio aliuliza.

“Jumanne iliyopita. Saa tatu asubuhi.”

Eustakio alivua miwani. “Jumanne iliyopita? Tarehe kumi na moja?”

“Ndiyo.”

“Jumanne hiyo simu ya upepo ilikufa. Dar es Salaam niliwaita tangu asubuhi. Nilisikia mkoromo tu, kama mtu anayekaanga mbegu za ufuta. Niliufungua mtambo mara mbili nikidhani panya wameingia. Keshokutwa yake ndipo walipotuambia kwamba ilikuwa hivyo kila mahali. Ni jua.”

“Jua lilifanya nini?”

Eustakio alieleza kadiri alivyoelezwa katika waraka uliotoka makao makuu. Jua halitoi mwanga na joto tu. Hutoa pia kitu kama pumzi, chembechembe ndogo mno zenye umeme, zinazopulizwa kila upande. Mwaka huohuo wa 1958 wataalamu walianza kuipa pumzi hiyo jina la upepo wa jua. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo imeifunika pande zote.

“Fikiri umelala ndani ya chandarua,” Eustakio alisema. “Siku zote upepo hupita nje, nawe huna habari. Siku jua likipuliza kwa ghadhabu, chandarua kinabonyea, kinatikisika, kinakugusa usoni. Sindano yako imening'inia kwenye chandarua hicho. Itatulia vipi?”

“Kwa hiyo si ufunguo.”

“Ufunguo gani?”

Kaimu akamweleza. Eustakio alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza ghafla, maana alimwona mwenzake hacheki.

“Sikiliza,” alisema. “Waraka upo. Nitakunakilia, na tarehe nitaiweka. Waonyeshe. Waambie jua liliivuruga sindano. Nani atabishana na jua? Ufunguo hakuna aujuaye isipokuwa mkeo.”

Kaimu aliondoka na karatasi hiyo imekunjwa ndani ya kisanduku. Njia nzima ya kurudi iliongea naye. Ilikuwa ya kweli, ilikuwa na tarehe, na ingemtoa mzima mzima. Amiri asingepata hata neno. Lakini kila alipoipanga hotuba yake, ilifika mahali pamoja ikasimama. Huenda jua liliisogeza sindano. Huenda ufunguo uliisogeza. Na hata ikiwa ni jua peke yake, jua halikumfunga mdomo. Shibiri aliiona Jumanne kwa macho yake, akasema “pale”.

Ijumaa, tarehe 21, ukuta ulikuwa umefika magotini. Baada ya sala, iliyosaliwa uwanjani juu ya mikeka, Kaimu alisimama kabla watu hawajatawanyika. Aliweka mbele ya Mwalimu Seleman vitu vitatu: karatasi ya Eustakio, ufunguo wa Mwantumu, na kijiwe cheupe.

Alieleza kwa mpangilio, kama alivyokuwa akitoa taarifa kwa bwana mpimaji. Alipofika kwenye ufunguo, sauti ya Amiri ilipasua hewa.

“Umenivua mkanda! Nimesimama mbele ya wazee nimeshika suruali kwa mkono, na wewe una kufuli zima mfukoni!”

“Ufunguo, si kufuli.”

“Afadhali ungekuwa na mlango wote!”

Watu wakacheka. Kisha Amiri akautazama ukuta wake, na uso wake ukabadilika. “Siku tatu nimebeba mawe. Kwa shibiri moja? Mwalimu, nani kati yetu anayesimama sawasawa hivyo? Mimi mguu huu umepinda tangu kuzaliwa. Sheria haitaki mtu awe sindano.”

Mwalimu Seleman alikunjua karatasi. Aliisoma mara mbili. Yeye ndiye aliyewashawishi wazee waache macho wafuate chombo; aibu hii ilikuwa yake pia, na wote walilijua hilo.

“Fundi amesema kweli kwa sehemu,” alisema hatimaye. “Aliyejitahidi akakosea, ana ujira wake. Jua likimpoteza mtu, hana dhambi. Ufunguo ukimpoteza kwa kusahau, hana dhambi.” Alimgeukia Kaimu. “Lakini aliyeona tofauti akanyamaza, huyo hajajitahidi. Mpaka sasa hapa hapana kibla kilichotafutwa. Pana kigingi tu.”



“Nisameheni,” Kaimu alisema.

“Tutakusamehe ukimaliza kazi,” Mwalimu alisema, akakohoa. “Dira siitaki tena. Mwaka una siku mbili ambazo jua husimama utosini mwa Al-Kaaba, moja Mei, moja Julai. Saa hiyo, kila kivuli duniani hulala kikiwa kimeipa Makka kisogo. Ya kwanza ni tarehe ishirini na nane Mei, saa sita na dakika kumi na nane mchana. Sasa jua liko juu ya vichwa vyetu hapahapa, vivuli vimejificha chini ya miguu. Tutangoja.”

“Na Ramadhani?” mtu aliuliza.

“Tutasali ndani ya ukuta wa magoti, chini ya paa la nyasi. Tumewahi kusali pabaya zaidi.”

Walisali hivyo. Mvua iliwapiga ubavuni mwezi mzima. Kila iliponyesha wakati wa tarawehe, Amiri aliinama na kumnong'oneza shemeji yake: “Hii nayo ni ya jua?” Kaimu aliipokea kila mara. Kilichomtesa kilikuwa kingine. Aliwahi kudhani kwamba akisema atapona. Sasa alikuwa amesema, na bado aliamka kabla ya adhana. Alijaribu mara nyingi kuupima ufunguo: akivaa kizibao, akisimama pale alipodhani alisimama. Upande mmoja wa kisanduku sindano ilisogea, karibu nusu shibiri. Upande mwingine haikusogea kabisa. Hakukumbuka alikuwa upande gani.

Mwishoni mwa Mei nchi ilikuwa imekauka na anga imefunguka. Tarehe 27 jioni Eustakio alifika kwa baiskeli, ameleta saa ya mfukoni aliyoilinganisha na milio ya saa ya simu ya upepo siku iliyotangulia. Siku ya pili, Jumatano, kijiji chote kilikuwa kiwanjani. Amiri alisimamisha nguzo mbili na boriti juu yake, akaning'iniza timazi lake kwa uzi mrefu juu ya jiwe bapa lilelile. Aligeuka.

“Leo huiti ‘Chuma mbali’?”

“Jua halijali chuma,” Kaimu alisema.

Eustakio alihesabu kwa sauti. Ilipotimia dakika ya kumi na nane Mwalimu Seleman alisema, “Sasa,” na Amiri, akiwa amepiga magoti, akachora kivuli cha uzi ardhini kwa ncha ya kisu. Wakavuta kamba kutoka mwisho wa mchoro, ikapita chini ya timazi, ikaenda hatua arobaini upande wa kibla. Kaimu aliifuata kamba kwa miguu, asithubutu kuitazama mpaka alipofika mwisho. Ilipita vidole vitatu kulia kwa kijiwe cheupe. Kigingi cha Jumanne kilikuwa mbali, upande wa pili.

Sauti za shukrani zilipanda. Mtu alimkumbatia. Lakini Kaimu aliinua mkono, na wote wakanyamaza, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kuuogopa uso huo.

“Nimefanya mazoezi na uzi huu siku tatu,” alisema. “Mchana kama huu kivuli hakingoji. Kamba ikiwa hatua arobaini, dakika moja ya saa ni karibu shibiri moja. Saa ya Eustakio imetembea siku mbili. Ikiwa imepoteza dakika, hata kamba hii imepoteza shibiri. Ninasema sasa, kabla ya jiwe.”

Eustakio aliitazama saa yake kana kwamba imemtukana. Amiri akafunika uso kwa mikono.

Mwalimu Seleman, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka, alicheka, kikohozi kikamkaba, akacheka tena. “Haya,” alisema, akijifuta macho. “Hiyo ndiyo jitihada. Tumefika mwisho wake. Fundi, bomoa, ujenge kwenye kamba.”

Amiri alibomoa. Jiwe la kwanza la ukuta mpya alimpa Kaimu aliweke, akamwambia akague mifuko kwanza. Kaimu akakagua kweli, yote miwili, mbele ya watu.

Msikiti ulimalizika kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Kaimu hakupima mstari mwingine wa kibla maishani mwake, ingawa alipima mipaka mingi ya mashamba ya Mandawa hadi Narung'ombe, na kila mpaka aliupima katika siku mbili tofauti, akiwaambia wenye mashamba tofauti aliyoipata, hata iwe ya kidole. Wengi waliona anawachosha.

Kwamba dhoruba ya sumaku ilivuma tarehe 11 Februari 1958, inajulikana. Kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni, inajulikana. Ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoisogeza sindano, au ni vyote pamoja, na kwa kiasi gani, haijulikani, kwa sababu hapakuwa na chombo kingine Mandawa asubuhi hiyo. Kama saa ya Eustakio ilikuwa sahihi Jumatano ile, pia haijulikani.